Hospitali ya Vitabu ya Mama Sauti

Pikapu nyeupe inanguruma mbele ya geti la shule. Nyuma imebeba pikipiki iliyolazwa ubavu na kufungwa kamba kama mbuzi wa mnadani. Ni pikipiki ya mkufunzi, na mkufunzi mwenyewe ameshapanda, begi mapajani, kioo kimeshushwa ili apeane mikono na wanaobaki.

Walimu wamejipanga. Watoto wa madarasa ya juu wanaimba wimbo wa kuaga ambao nusu yao hawajui maneno yake. Mwalimu mkuu amevaa koti lake la mikutano, na mfukoni mwa koti hilo kuna kitu kizito kinachovuta kitambaa chini. Ni kufuli.

Leo mradi wa kusoma unafungwa. Kwa miaka minne fedha za msaada kutoka nchi ya mbali zimelipia mafunzo ya walimu wa madarasa ya chini, vitabu vya hadithi, na huyu kijana wa pikipiki aliyekuwa akizunguka shule kumi na mbili, akiingia darasani na kukaa nyuma kabisa kama mwanafunzi aliyechelewa. Hapa alifika miezi minane tu iliyopita, shule ya mwisho katika hizo.

Dereva anapiga honi. Kuna mtu mmoja hajatokea kuaga.

Mtu huyo yuko darasa la kwanza. Amepiga magoti sakafuni kando ya dawati la mbele, magoti yake meupe kwa chaki. Mbele yake msichana wa miaka saba anapambana na mstari mmoja wa kitabu.

"Ku-ku... a-na... ta-fu-ta..."

Honi inalia tena.

"Mwalimu, wanakuita," msichana anasema, kwa matumaini.

"Mlango wanaujua. Wewe endelea."

Mkufunzi anashuka garini, anakuja hadi mlangoni. "Mama, gari linakula mafuta."

"Mafuta si yako wala si yangu, mwanangu. Mwache mtoto amalize sentensi."

Kijana anaegemea mlango na kusubiri. Msichana anavuta pumzi, anakunja uso, anaingia kwenye neno refu kama mtu anayeingia maji baridi. "Vi... fa... ra... nga. Vifaranga! Vifaranga wake."

"Sasa ndiyo tuage," anasema mwalimu, akijishika kwenye dawati ili ainuke.

Watoto humwita Mwalimu. Mtaani wanamwita Mama Sauti, na jina hilo lilianza kama dhihaka. Ana miaka hamsini na tatu, karibu nusu ya hiyo ameimalizia darasa la kwanza. Hakuliomba. Alipelekwa huko akiwa kijana, baada ya kumjibu mkubwa wake kwenye kikao.

"Aliniambia, wewe una mdomo sana, nenda kaongee na wadogo," anakumbuka, akicheka. "Darasa la kwanza lilikuwa jela. Mwalimu akikosea anafungwa huko. Akitubu anapandishwa darasa la tano. Mimi sikutubu."

Darasa lake lina watoto tisini na wanne. Dawati la wawili wanakaa wanne, na wa pembeni huandika mguu mmoja ukiwa nje. Mshahara wake, anasema, haujawahi kuiona tarehe ishirini. Kinachopungua hujazwa na cherehani ya mumewe, ambaye ni fundi wa kushona kwenye baraza ya duka la jirani.

"Niliposa mwalimu mmoja," mumewe anasema, midomo ikiwa imebana pini. "Nimeletewa darasa zima. Hata ndotoni anafundisha. Juzi amenipiga kiwiko, ananiambia nyoosha mkono kwanza."

Kabla ya mradi, Mama Sauti alijulikana kama mwalimu hodari. Darasa lake lilisikika hadi barabarani. Yeye alisoma mstari, watoto tisini wakaurudia kwa pamoja, na paa la bati likatetemeka. Wageni wakija, walipelekwa kwake kwanza. Mwalimu mkuu alipenda sana kuwapeleka, maana mjukuu wake, anayeishi naye, alikuwa humo.

Ndiye msichana yule wa dawati la mbele. Wenzake wanamwita Redio. Kitabu kizima cha kuku, kilichokuwa nakala moja tu darasani, alikitoa kichwani bila kukwama, kwa sauti ya kupanda na kushuka, na mahali pa kusikitika alisikitika. Babu yake alimwita sebuleni kila mgeni alipofika nyumbani. "Sikilizeni mtoto wa darasa la kwanza anavyosoma!" Wageni walipiga makofi.

Mkufunzi alipofika mara ya kwanza hakupiga makofi. Alikaa nyuma, akasikiliza kwaya hadi mwisho, kisha akaomba kwa adabu aketi na mtoto mmoja mmoja. Akaanza na Redio. Alifungua ukurasa wa kuku, akaweka kiganja juu ya picha, akasema, "Nisomee hapa chini."

Redio akainua macho kutoka kitabuni. Akamwangalia mgeni kama mtu anayeangalia mwenda wazimu.

"Mjomba, ondoa mkono," alisema. "Nitasomaje bila kumwona kuku?"

Darasa lilicheka. Mkufunzi naye alicheka. Mama Sauti hakucheka. Alimwita mtoto wa pili, akaziba picha kwa kiganja chake mwenyewe. Kisha wa tatu, wa nne. Alipofika wa kumi aliacha, akaketi kwenye kiti chake, akafungua mkoba na kuufunga tena bila kutoa kitu.

"Walikuwa wanasoma picha," anasema. "Picha na mdomo wangu. Mimi nikinyamaza, na wao wanazimika. Nilijiona kama mtu aliyechota maji siku nzima, anafika nyumbani, anakuta ndoo ina tundu."

Anachomshukuru kijana yule, anasema, ni kwamba hakumwaibisha. Angeweza kwenda kuripoti. Alivuta kiti akakaa karibu naye. "Akaniambia, mama, hawa watoto wana kumbukumbu ya ajabu. Umewapa sauti na ujasiri. Kilichobaki ni kidogo, na kidogo hicho tutakifanya pamoja. Nikamwambia, kidogo? Umeona watoto tisini hawajui kusoma, unasema kidogo? Akasema, ndiyo, ningekuta wameogopa kitabu ningekimbia."

Walianza na sauti za herufi. Si majina ya herufi, sauti zenyewe. Mtoto anasikia mmm, anasikia aaa, anaziunganisha mwenyewe kinywani mpaka neno litoke. Kwaya ikafupishwa. Kila siku watoto wachache waliketi mbele na mwalimu, mmoja baada ya mwingine, wengine wakisomeana wawili wawili. Darasa lililokuwa likitetemesha bati likawa linavuma kama mzinga.

Wazazi hawakupenda. Mama mmoja muuza mboga alifika shuleni na kapu lake kichwani, hakulishusha hata kidogo.

"Mwalimu, nilimleta mtoto asome. Jana kutwa nzima analia mmm, mmm, kama ng'ombe aliyesahauliwa malishoni. Mnafundisha nini huku?"

"Dada yangu, vumilia," Mama Sauti alimjibu. "Ng'ombe huyo atatoa maziwa."

"Na asipotoa?"

"Utanichinja mimi."

Hapo ndipo jina la Mama Sauti lilipozaliwa, sokoni, kwa kejeli. Mwezi wa nne wa masomo hayo, mtoto wa muuza mboga alisimama mbele ya duka la dawa za mifugo na kusoma kibao chote neno kwa neno, mama yake akiwa na wateja. Tangu siku hiyo mama huyo hupitisha fungu la mboga shuleni na kuondoka bila maelezo. Jina limebaki, kejeli imeondoka.

Kisha vikaja vitabu. Mabunda kwa mabunda, hadithi fupi zenye herufi kubwa, ile ya kuku ikiwemo, vya kutosha kila mtoto ashike chake. Mama Sauti anasema hakuwahi kuona kitu kama hicho. Alivinusa. Watoto walivinusa. Asubuhi ya siku ya pili, mwalimu mkuu alivihesabu, akavitia kabatini ofisini kwake na kufunga.

Ni rahisi kumcheka, lakini mzee huyu alishaumwa na nyoka, hata kamba humshtua. Miaka mingi nyuma, katika shule nyingine, vitabu vilipotea mikononi mwake, na alikatwa mshahara miezi mingi kuvilipia. Mwanawe mmoja alikaa nyumbani muhula mzima kwa ajili hiyo. Anayejua hivyo hamlaumu haraka.

Wageni wa mradi walipokuja kukagua, alifungua kabati kwa fahari. Vitabu vilikuwa vimepangwa kama matofali, vinang'aa. Wageni walisifu utunzaji. Mkufunzi alisubiri waondoke, akachukua kimoja, akakifungua. Mgongo wake ulilia kama kiatu kipya.

"Mkuu, hivi vimesomwa na nani?"

"Vimetunzwa."

"Nimeona. Vinanukia duka. Mkuu wangu, kitabu kisafi hakijasomwa. Mimi natafuta vichafu."

Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe kijana alitoa dhamana: muda wote mradi upo, kitabu kitakachochanika au kupotea ni mzigo wa mradi, si wa mwalimu mkuu. Mzee alimfanya aseme mara mbili mbele ya mashahidi. Kisha akafungua kufuli.

Mradi ulikuwa umeahidi na rafu za kuwekea vitabu. Rafu hazikufika mpaka leo. Walioziahidi walihama, waliokuja baadaye hawakuzisikia. Mumewe Mama Sauti alikusanya vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye sare na magauni, akashona mifuko ya kutundika ukutani, safu kwa safu, kila mfuko kwa kitabu kimoja. Ukuta wa darasa ukawa kama shati la kichaa.

Na kwa kuwa vitabu vinavyoshikwa na mikono ya watoto huchanika, pembeni likawekwa boksi la viatu lenye gundi, uzi, sindano na mkasi. Juu yake watoto wenyewe wakaandika: HOSPITALI. Kitabu kikiumia hakifichwi. Kinaletwa, mtoto anaeleza mgonjwa ameumia wapi na ilikuwaje, na anakaa kusaidia kutibu. Hakuna kipigo.

"Zamani mtoto akichana ukurasa anakitupa kitabu chooni ili asijulikane," Mama Sauti anaeleza. "Vingi vilipotea kwa woga, si kwa wizi. Sasa wananiletea mbio: Mwalimu, dharura!"

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi siku ile pikapu ilipoondoka. Mkufunzi alikumbatiwa, akapewa zawadi ya shati lililoshonwa na fundi, likambana kidogo mabegani. Gari likakata kona. Mwalimu mkuu akabaki amesimama, kisha akatembea taratibu kuelekea darasa la kwanza, mkono mfukoni.

"Mwalimu, mradi umeondoka."

"Nimeona, Mkuu. Vumbi bado halijatua."

"Basi tufanye ule utaratibu."

Mama Sauti alijua ni utaratibu gani. Dhamana ya kijana ilikuwa imeondoka na kijana. Alisimama mbele ya mifuko ya ukutani, mikono kiunoni.

"Mkuu, wa kwako anasoma tayari. Wa wenzako je? Wanaoingia mwakani je?"

"Usinichome, Mwalimu. Kitabu kikipotea hawamwiti mjukuu wangu. Wananiita mimi. Nimebakiza muda mfupi nistaafu, niache niondoke na mshahara wangu wote."

"Bila vitabu watarudi kwenye kwaya."

"Kwaya haijawahi kuua mtu."

Vitabu vilirudi kabatini jioni hiyo. Yeye mwenyewe alisaidia kuvibeba, kwa sababu ni mkubwa wake, na kwa sababu, anasema, alimwona mzee akivihesabu mara tatu kabla ya kufunga.

Wiki iliyofuata ilikuwa ndefu. Aliandika hadithi ubaoni, akafuta, akaandika nyingine, mpaka bega likauma. Watoto walisoma kila kilichokuwa na herufi: boksi la chaki, fulana za wenzao, maandishi ya ukutani nyuma ya choo, ambayo ilibidi yafutwe haraka. Mifuko ilining'inia mitupu. Hospitali haikupata mgonjwa hata mmoja. Na siku ya nne alijikuta akisoma mstari, na darasa zima likiurudia, bati likitetemeka. Alinyamaza katikati.

"Nilisikia ile ndoo inavuja tena," anasema.

Kilichotokea nyumbani kwa mwalimu mkuu alikisimulia mwenyewe baadaye, akijicheka. Redio hakuwa amekasirika. Alimwonea babu yake huruma tu, akamwambia, "Babu, wale kuku huko gizani watakufa na njaa." Akamwambia chakula kikiwa mezani. Akamwambia babu akivua viatu. Siku ya tano mzee alirudi nyumbani na kitabu cha kuku ndani ya koti, akamkabidhi mjukuu kama anayekabidhi bidhaa za magendo. "Shika kwa vidole viwili. Usiseme kwa mtu."

Macho ya mzee hayaoni tena herufi za karibu. Alikaa kitini, mtoto akakaa kwenye mkeka, na safari hii hakukuwa na kupanda na kushuka kwa sauti. Redio alisoma kama anayevuka mto kwa mawe, jiwe kwa jiwe. Alikwama. Alirudi nyuma. Alijirekebisha mwenyewe bila kuambiwa.

"Mara ya kwanza, alipokuwa akighani, nilipiga makofi," mwalimu mkuu anasema. "Mara hii sikupiga. Nilikuwa nasikiliza. Nilitaka kujua kama kuku atawapata vifaranga. Nimefundisha hisabati za madarasa ya juu maisha yangu yote. Sikuwahi kukaa chini nikasomewa na mtoto."

Walipofika karibu na mwisho, mdogo wa Redio, ambaye bado anatambaa, alitaka naye kuona kuku. Alivuta. Ukurasa ukachanika katikati.

Mzee alishika kichwa. Redio hakushika chochote. Aliusawazisha ukurasa kwa viganja, akamwambia babu yake kwa sauti ya daktari: "Usiogope, Babu. Hajafa. Kesho tumpeleke hospitali."

Asubuhi, kabla ya kengele, mwalimu mkuu alisimama mlangoni mwa darasa la kwanza, mjukuu amemshika mkono. Alichomoa kitabu ndani ya koti.

"Mwalimu," alisema. "Nina mgonjwa."

Mama Sauti anasema aliuma ulimi asicheke. Alimwonyesha benchi. "Kaa hapo, Mkuu. Kanuni ya hapa, anayeleta mgonjwa anaeleza imekuwaje, na anashika mkasi."

Mzee alieleza. Alishika mkasi. Alipaka gundi kwa ukamilifu wa mtu wa hisabati, watoto wakiwa wameanza kukusanyika na kumpa ushauri: si nyingi hivyo, Mwalimu Mkuu, itavuja. Ukurasa ulipokauka aliufungua na kuufunga, akaufungua tena.

"Kumbe hakufa," alisema.

"Hakufa."

"Na vikipotea?"

"Vikipotea tutakaa wote kwenye kikao cha wazazi tuwaambie vimepotea. Nitasimama nawe, Mkuu. Mdomo ninao, unajua."

Kwenye kikao hicho muuza mboga ndiye aliyezungumza kwanza, safari hii kapu likiwa chini. Alisema kitabu kilichomfundisha mtoto kikipotea, kimepotelea kichwani mwa mtoto, na wazazi watasaidia kulipa kingine. Wenzake waliunga mkono, baadhi kwa moyo, baadhi kwa kumwogopa. Vitabu vilitoka kabatini siku ile ile.

Ukimwuliza Mama Sauti anamshukuru nani, anaanza kwa mkufunzi, anakwenda kwa mumewe, anapita kwa mzee wa kufuli, halafu anafika mwisho wa majina.

"Wale waliotoa fedha siwajui," anasema. "Huenda kuna mama huko kwao, mwajiriwa kama mimi, alikatwa kodi akanung'unika. Ana haki ya kunung'unika, hata mimi hunung'unika. Ningependa ajue tu: kile cha kuku kilifika, na kimeshachakaa."

Mwaka huu walitaka kumpandisha darasa la tano, kama heshima. Alikataa. Mpango wake ni kuwaita walimu wa darasa la kwanza wa shule za jirani, Jumamosi moja kila mwezi, waje na viganja vyao waone jinsi ya kuziba picha. Hakuna posho, amewatangazia mapema. Saba wamesema watakuja. Anatumaini hata watatu wafike.

Mkufunzi alikaa bila kazi kwa muda, kisha akaajiriwa kufundisha shule ya mbali, darasa la sita. Hupiga simu. Shati bado linambana. Pikipiki yake imewekwa nyuma ya ofisi ya elimu, chini ya turubai, matairi yameisha upepo. Pikapu iliuzwa.

Mwalimu mkuu amestaafu na mshahara wake wote. Siku ambazo magoti hayamsumbui hukaa kwenye benchi la hospitali na kupaka gundi. Kufuli linafunga stoo ya majembe.

Fundi ameshona mifuko ya darasa la pili. Muuza mboga bado analeta mboga.

Vitabu kumi na kimoja havijulikani viliko. Vilivyobaki ni vichafu.

Redio yuko darasa la pili, na anaongea kidogo kuliko zamani. Mdogo wake ameanza kutembea, akavuta tena kitabu cha kuku, ukurasa wa mwisho ukatoka, na safari hii haukupatikana. Redio aliuandika upya kwa penseli, Mama Sauti akaubandika. Katika kitabu cha mradi, kuku aliwapata vifaranga wake watano. Katika cha Redio amepata sita.